Mbegu za Yeremia

Alhamisi, 4 Machi 1993

Mathayo amekuja asubuhi. Kiti nilichompa hakukikalia. Alikaa kwenye kigoda cha Gaudiosa, kwa makusudi, akijua mimi mwenyewe sijakikalia tangu dada yake afariki.

Habari yenyewe: ukoo umekaa na umeamua. Jumamosi ya pili baada ya Pasaka kaburi la Gaudiosa litajengewa. Tuta la udongo halitoshi tena, masika itaondoka nalo. Nikasema ni jambo jema. Nikasema mimi, kama mume, nitashughulika. Akavitazama viatu vyangu kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "kwetu mtu ni wa mama yake. Mume huwa ameazimwa tu. Atakayeleta simenti ndiye atakayeandika maneno."

Nikamuuliza yeye angeandika nini. Alikuwa nayo tayari kichwani: GAUDIOSA, DADA WA MATHAYO. Basi! Ndoa ya miaka ishirini na minane, na mimi nimekosa hata kona ya kusimama.

Mathayo ana mashine ya kukoboa mpunga tangu biashara iachiwe watu binafsi. Mimi shamba la katani lilipofungwa nilitoka na koti la mvua na mkono wa kwaheri. Lakini nimeamua. Simenti nitaileta mimi. Namna ya kuipata bado sijui. Kuamua ndiyo kazi kubwa, mengine ni miguu tu.

Gaudiosa alikuwa akitia chumvi mara mbili kwa kusahau ile ya kwanza. Uji wangu wa leo haukuwa na chumvi kabisa.


Jumamosi, 6 Machi

Nimekwenda Mikumi kwa lori, juu ya magunia ya mkaa, kumwona Yeremia. Huyu ni mtoto wa marehemu rafiki yangu tuliyekuwa naye kwenye mizani ya katani. Zamani alikuwa utingo. Siku hizi ana meza ya kaseti pale malori ya Zambia yanapolala. Anajua kila kinachouzwa, na kila kisichotakiwa kuuzwa.

Alinipa shikamoo ya heshima na soda. Nikamweleza habari ya kaburi. Akasikiliza kwa huzuni kabisa. Akasema siku hizi mambo ni ruksa, masikini ni yule anayeona aibu. Akasema madereva wa malori wanatafuta kitu kimoja tu, na kitu hicho huota chenyewe ardhini. Akaniinamia sikioni akakitaja.

Bangi!

Nikasimama. Nikakaa tena, soda ilikuwa haijaisha.

Nikamwambia mimi ni Mkristo. Akasema hata yeye. Nikamwambia watu wanafungwa kwa hilo. Akasema wanafungwa vijana wanaovuta barabarani; mzee mjane, mpole, mwenye bustani nyuma ya bafu, nani atamshuku? Halafu akasema neno lililoniingia.

"Mzee wangu, wewe hupandi bangi. Unapanda kaburi la mama."

Mbegu amenifungia kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Ndogo, nyeusi. Ameapa zinatoka Malawi. Kwa malipo alitaka koti langu la mvua. Nikampa.

Mvua ilianza kabla hatujafika kijiji cha Ulaya.


Jumapili, 7 Machi

Sikwenda kanisani. Mafua.

Nimepanda, hata hivyo. Mahali ni bustani ya Gaudiosa, nyuma ya bafu. Tangu msiba imemezwa na magugu. Ukweli ni kwamba akiwa hai sikuwahi kuingia mle ila mara moja, aliponiita nimshikie ua wa mabua. Nikakanyaga kitunguu chake. Akanitoa kwa mkono, kama mtu anavyomtoa mbuzi. Mboga mimi naijua ikishakuwa ndani ya bakuli. Ikiwa ardhini hatujatambulishwa.

Bangi nayo sijawahi kuiona ikiwa hai. Hilo halinisumbui. Mtu hahitaji kumjua ng'ombe ili anywe maziwa.

Nimepalilia, nimechora mistari mitatu, nimeziba mianya ya ua kwa magunia. Kisha nikamwomba Gaudiosa radhi kwa sauti ndogo. Nikamweleza ni msimu mmoja tu, halafu nitarudi kuwa mtu. Najua angenipiga mwiko. Lakini angenipiga akiwa amelala chini ya jina lake na langu.


Ijumaa, 12 Machi

Zimeota!

Kwenye mistari yangu ni chache. Ajabu ni kwamba zimejaa nje ya mistari: pembeni, katikati, hadi kwenye njia ya kupitia. Hata pale nisipopanda! Mbegu za Malawi zina nguvu kuliko nilivyodhani.

Nimechuchumaa kuzitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Sikumbuki ni lini kitu kilitii mpango wangu. Mwaka wa themanini na sita nilifuga sungura, wote wakatokea madume. Mwaka wa tisini nilinunua mtumba bila kuufungua, kumbe ndani ni kofia za sufu tupu, za watu wa theluji. Gaudiosa alizijaza pamba moja moja akashona mito. Mpaka leo nalalia kofia.


Jumatano, 24 Machi

Majani yamefunguka. Kila jani ni vidole vitano, kama mkono wa mtoto anayeomba kitu.

Nilihitaji uhakika. Kituoni Kilosa pana karatasi ya rangi ukutani yenye picha ya bangi, kuwaonya wananchi. Nikaenda kuitazama. Vidole! Vidole kabisa. Nilijisikia kama mzazi anayesikia jina la mwanawe likisomwa redioni.

Tatizo ni kwamba mtu hawezi kusimama kituo cha polisi akitabasamu ukutani. Askari wa zamu, kijana mwenye adabu, akaniuliza shida yangu, mzee. Nikasema nimepotelewa na jogoo. Akaniuliza rangi. Nikasema mwekundu, kwa kuwa ndiyo rangi iliyokuja mdomoni. Akaahidi watafuatilia.

Sina jogoo. Sijawahi kuwa na jogoo mwekundu.


Jumanne, 30 Machi

Msiba mpya. Bernadetha.

Huyu ndiye jirani yangu wa upande wa mtoni. Yeye na mumewe Seni walihamia na ng'ombe zao kutoka Usukumani miaka michache iliyopita. Mimi ni Mkaguru. Bernadetha ameamua kwamba sisi ni watani, kwa sababu babu zake walipita huku wakibeba mizigo kwenda pwani na babu zangu wakawanyima maji. Habari hiyo kaitoa wapi sijui, ila kwenye msiba wa Gaudiosa aliitumia vizuri. Alijilaza juu ya tuta la kaburi, akawazuia watu wasirudi nyumbani mpaka nimpe shati langu. Nilicheka siku ile. Ndiyo mara pekee niliyocheka mwezi mzima. Shati hakulirudisha.

Leo nimetoka kuoga, nikakuta gunia la ua limefunuliwa. Vichwa vya miche yangu, zaidi ya nusu, vimekatwa kwa kucha. Kwa mbali nikauona mgongo wa Bernadetha ukienda zake, kanga imejaa.

Nikamwita. Akageuka bila wasiwasi wowote.

"Mtani, nimechukua changu," akasema. "Wenyewe mnalala na mali mmeificha nyuma ya bafu. Ndiyo maana mliwanyima babu zetu maji."

Akaenda.

Nifanye nini? Mtani akichukua chako hukasiriki. Ukikasirika unatozwa kingine. Siwezi kumshitaki kwa balozi wa nyumba kumi, siwezi kumshitaki kwa askari, siwezi hata kumnunia. Mwanamke amegundua bangi yangu na anaichuma mchana kweupe, na mila iko upande wake!


Ijumaa, 2 Aprili

Asubuhi askari alifika kwangu. Yule yule mwenye adabu. Moyo ulinitoka, ukazunguka nyumba, ukarudi. Alisimama pale pale karibu na bafu, ua wa mabua nyuma ya kisogo chake, kidole kimoja cha jani kimetokeza juu ya gunia kama kinamwita.

Alikuwa amebeba jogoo mwekundu.

Akasema wamemkamata anazurura upande wa reli. Nikasema ndiye. Jogoo akanidonoa. Askari akasema amesahau mapenzi, atazoea. Nikamshukuru kwa kazi nzuri ya kulinda raia. Sasa nimekuwa mwizi wa jogoo wa mtu, nisiyemjua, kwa msaada wa polisi.

Mchana Bernadetha alikuja tena akachuma. Sikutoka ndani. Nilimchungulia kupitia ufa wa dirisha. Anachagua machanga tu. Mtaalamu!


Jumapili ya Matawi, 4 Aprili

Nimekuwa nikimchunguza Seni, mume wa Bernadetha. Ni mtu mkubwa, mkimya, wa maneno machache. Leo alikuwa amelala chini ya ghala lao mchana wote. Alipoamka alicheka peke yake. Kisha akaimba. Kisha akala, akala tena, akalala.

Dalili zote!

Na watoto wao je? Wanne. Mdogo nimemwona akizungumza na ndama. Anamweleza habari ndefu, kwa mikono. Ndama anasikiliza.

Kanisani padre alihubiri juu ya umati ulioshangilia leo na kusulubisha kesho. Mimi nilishika tawi langu na sikusikia vizuri. Nilikuwa naona watoto wanne wakigeuka wendawazimu kwa ajili ya mifuko yangu ya simenti. Gaudiosa hatukujaliwa kupata naye mtoto. Wa jirani alikuwa akiwaita mmoja mmoja na kuwapa ukoko wa chini ya sufuria. Walikuwa wanapanga foleni.

Nikaazimia kwenda kumwambia Bernadetha ukweli leo hii. Nikafika mpaka kwenye zizi. Nikarudi. Nikimwambia, mpango umekwisha, na juu ya kaburi atasimama Mathayo peke yake.

Nitamwambia baada ya Pasaka. Wiki moja haimharibu mtu.


Jumatatu ya Pasaka, 12 Aprili

Imekwisha.

Miche ilikuwa imenifika kiunoni, imetoa maua meupe yenye ndevu ndefu, licha ya Bernadetha. Nilikuwa nimekwishapanga safari ya Mikumi. Asubuhi, mvua ikinyesha, Mathayo akaingia bila hodi. Alikuja kuniuliza habari ya simenti. Sikuwa ndani. Nilikuwa bustanini, nimechutama kati ya miche, na yeye akafuata njia akanikuta.

Mathayo ni mzee wa kanisa. Mathayo aliwahi kuwa mgambo. Alisimama kwenye ua, mwavuli mkononi, akaitazama bustani yote kutoka pembe hadi pembe. Nikangoja. Hakuuliza simenti. Mdomo wake ulitetemeka kama wa mtu anayezuia jambo kubwa. Kisha akageuka, akaondoka kwa haraka kuelekea upande wa kituo.

Nyumba yake nayo iko upande huo huo. Lakini kwa mwendo ule!

Nikaing'oa yote. Kwenye mvua, bila koti. Mikono ilinuka mpaka kwenye viwiko, na sikujua ni kwa nini harufu ile ilinitoa machozi. Nilidhani ni hofu. Nimetumbukiza kila kitu chooni, mizizi, maua, vyote, nikamwagia majivu.

Nikakaa mlangoni kungojea askari. Nilivaa shati safi. Hakuja mtu. Jogoo tu.


Jumanne, 13 Aprili

Sikuweza kungoja tena. Niliamka na jambo moja: nikikamatwa, nani atawaambia watoto wa Bernadetha wasile? Nikaenda.

Alikuwa anatwanga karanga. Seni amekaa kando anatengeneza mpini wa jembe. Nikasalimia, nikakataa kiti.

"Bernadetha," nikasema, "ile uliyokuwa unachuma kwangu ni bangi. Nilipanda mwenyewe. Wape watoto maziwa, labda itapungua."

Mchi ukasimama juu.

"Ipi?" akauliza.

"Ya bustanini. Ya majani kama vidole."

Akanitazama. Akamtazama mumewe. Akaweka mchi chini polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu.

"Seni," akasema, "habari ndiyo hiyo. Tangu mwezi uliopita umekuwa mvuta bangi, na mimi nakupikia."

Seni akafikiri. "Ndiyo maana nalala vizuri," akasema.

Hapo Bernadetha akakaa chini kwenye udongo, miguu ameinyosha, akacheka mpaka mtoto mdogo na ndama wake wakaja kutazama. Kila alipotaka kusema alinionyesha kidole, akaanza upya. Mwisho akajifuta kwa kanga.

"Mtani. Huo ni mgagani."

"Mgagani upi?"

"Mgagani upo mwingine? Mboga. Wa kuchemsha ukaunga kwa karanga. Mkaguru mzima, na mvi, umeuogopa mgagani!"

Nikasema haiwezekani, mbegu zimetoka Malawi, Yeremia ameapa. Akaniuliza kama ziliota kwenye mistari. Nikasema nyingi ziliota nje ya mistari. Akaacha kucheka.

"Basi za Yeremia hazikuota," akasema. "Mgagani ukishapandwa mahali hujimwaga wenyewe, mvua ikija unarudi. Huo ni wa mama. Ukipalilia tu, unatoka. Wewe ulipalilia."

Akainuka akanipakulia. Nilikataa. Akasema mtani hakatai.

Tonge la kwanza. Uchungu kidogo mbele, kisha karanga, kisha chumvi. Ilikuwa Jumapili yetu. Kila Jumapili ya masika, baada ya misa, bakuli la udongo, na Gaudiosa kwenye kigoda akingoja niseme kitu. Mimi nilikuwa nasema "si mbaya." Nilidhani ananunua sokoni.

Nikajifuta macho kwa kiganja. Bernadetha akageukia moto akasema pilipili ya mwaka huu ni kali, inamtoa mtu machozi. Hakukuwa na pilipili.

Halafu nikakumbuka. Wote uko chooni.


Jumamosi, 17 Aprili

Mathayo amekuja na mkokoteni. Juu yake, simenti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa pingu, si kwa simenti. Nikabaki nimenyoosha mikono kama mjinga. Alikaa kwenye kiti nilichompa.

Akaniambia siku ile ya Pasaka alishindwa kusema mbele yangu. Alikuja kugombana. Ukoo wao ulishasema kwamba nimeiacha bustani ife, kwamba mume wa kuazimwa hukumbuka siku arobaini tu. Kisha akaukuta mgagani wa dada yake umesimama kiunoni, umepaliliwa, na mimi katikati yake kwenye mvua bila hata koti.

"Mimi mwenyewe kaburini sijaenda tangu Krismasi," akasema. "Simenti hii. Maneno andika wewe, shemeji."

Nikasema, "Gaudiosa alipenda bustani."

Kisha akatoa ombi lake. Jumamosi ijayo mama zao wadogo watakuja kwa treni kutoka Munisagara. Wazee sana. Amewaambia habari ya bustani, wamelia. Wanataka wakila, wale mgagani ule ule wa mtoto wao, kutoka ardhi yake. Mwingine hawautaki.

Akauliza uko wapi, mbona anaona kitalu kitupu. Nikasema nimeuvuna wote. Ni kweli tupu! Sikusema nimeuhifadhi wapi.

Alipoondoka nilikwenda chooni nikachungulia. Hapana.

Nikaenda kwa Bernadetha. Alikuwa ananingojea, nadhani, tangu Jumanne. Ndani kwake, juu ya dari la jikoni, ana ungo mkubwa umejaa majani makavu, ya bustani yangu, yaliyochumwa kwa haki ya utani siku zote zile. Kwao hukausha mboga ya kuliwa kiangazi. Nikamwomba. Akasema mali ya mtani haiombwi kwa mdomo mkavu. Babu zangu waliwanyima babu zake maji, basi nimletee maji. Ndoo. Kichwani, si mkononi. Nipite njia ya kisimani, siyo ya nyuma.

Nimepita. Wanawake wote wa kisimani walikuwepo. Mmoja aliniuliza nimeolewa wapi. Mwingine akanitengenezea kata ya kanga, kwa huruma, maji yalikuwa yananiingia shingoni. Sikutazama kushoto wala kulia. Nilikuwa nafikiria neno moja tu: MKE.

Ungo ninao. Uko kitandani, upande wake.


Jumamosi, 24 Aprili

Limejengwa.

Mvua ilituachia nafasi. Mafundi wawili, Mathayo, Seni ambaye alibeba kokoto peke yake kama anabeba vifaranga. Mama wadogo walikaa kwenye mkeka na kuelekeza kila kitu. Bernadetha alipika. Alitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mimi sijui tofauti ya mboga na tumbaku, nikajua ameniacha karibu sana na shimo, lakini hakunisukuma. Watu walicheka, wakadhani ni utani tu. Ulikuwa utani tu.

Mama mdogo mkubwa alikula polepole. Akasema chumvi imezidi. Akasema, basi ni wenyewe.

Wakanipa msumari niandike. Nikapiga magoti. GAUDIOSA, MKE WA DANIELI. Chini ilibaki nafasi. Mathayo alikuwa amesimama pembeni, amevua kofia, anaangalia upande wa reli ambako hakuna treni. Nikaandika: DADA WA MATHAYO. Aliona. Akaenda kumgombeza fundi juu ya jambo lisilokuwepo.

Hapo ndipo nilipotaka kumweleza kila kitu. Kweli. Mbegu, Yeremia, choo. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Shemeji, ule mgagani."

Akasema, "Najua, shemeji. Najua."

Ningeendelea. Lakini simenti ilikuwa inakauka, na herufi ya O ilihitaji kurekebishwa.


Alhamisi, 29 Aprili

Mikumi. Nimekwenda kumfundisha Yeremia adabu. Njia nzima juu ya mkaa nilikuwa napanga maneno, makali kabisa, ambayo mtu mzima humwambia kijana mara moja maishani.

Nilimkuta amevaa koti langu. Linampendeza.

Nikamweleza kwamba mbegu zake hazikuota hata moja, na zilizoota zilikuwa mboga. Hakubisha. Alisikitika. Akafikiri sana. Akasema anavyojua yeye, mbegu zilipotoka Mikumi zilikuwa bangi. Ardhi ndiyo iliyozigeuza, maana bustani ya mama ilizoea mboga. Nikajibu hilo haliwezekani. Nikiwa peke yangu sasa, naona linaweza kuwezekana kidogo. Gaudiosa alikuwa na mkono mgumu kwa vitu visivyo vya adabu.

Nikamwambia hata hivyo biashara hiyo nimeiacha, sirudii, na nimejifunza. Akanisifu. Akanipa soda. Akauliza kaburi limekuwaje. Nikasema limependeza, ila simenti ni ya Mathayo. Jina ni langu, msingi ni wake. Kinachokosekana ni msalaba wa chuma, na huo nimeapa utatoka kwangu mimi.

Yeremia akatazama kulia na kushoto. Akatoa kikapu chini ya meza.

Mayai ya mbuni! Watalii wanakuja siku hizi kwa mabasi mazima, akasema, na wote wanataka kupiga picha na mbuni, lakini mbugani mbuni hawapo. Mtu mwenye mbuni wake nyumbani, mwenye kiti na kivuli, atajenga misalaba ya chuma mpaka Dodoma. Kwa kuwa nilipata hasara, hakutaka zaidi ya buti zangu za mpira.

Si kwamba sikuuliza. Niliuliza. Nilimwambia haya mayai ni madogo, yanalingana na ya kuku. Akaeleza vizuri: mbuni mwenyewe ni mwali, huu ndio uzazi wake wa kwanza.

Nimeazima tetea wa Bernadetha, nimemwambia ni jambo la siri. Amekwishayalalia yote, hana shida yoyote, anajisikia nyumbani. Nimerudi peku na miguu inauma, lakini leo sipumziki. Nainua paa la banda. Mbuni hukua kwenda juu.